Baba ana Parkinson na anajikwaa kila siku: nimnunulie kiatu gani?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nakuandikia kutoka Kondoa. Baba yangu ni mwalimu mstaafu, ana miaka 71, na huu ni mwaka wa tatu anatibiwa ugonjwa wa Parkinson. Anameza levodopa mara tatu kwa siku. Siku hizi anatembea kwa kuburuta miguu na ameshaanguka mlangoni kwake na kwenye baraza ya msikiti. Kaka yangu aliyeko Dar akamtumia raba nzuri zenye soli nene, tukiamini zitamshika asiteleze. Tangu azivae anajikwaa zaidi, mwisho amezikataa na kurudi kwenye kandambili. Tena kila alfajiri vidole vya mguu wa kushoto vinajikunja chini na kumuuma sana. Je, raba ndizo zimemharibu vidole? Na ni kiatu gani kinamfaa?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Mfikishie Mzee shikamoo yangu, na wewe pole kwa kumuuguza.

Nianze na lililokutia hofu. Raba hazikumharibu vidole. Vidole kujikunja alfajiri ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na mara nyingi kinachohusika ni saa za dawa. Huko kujikwaa zaidi ndiko raba zinakoshukiwa, na Mzee alikuwa na sababu nzuri ya kuzikataa. Haya ni mambo mawili, kila moja lina njia yake, kwa hiyo nakuomba usikimbilie dukani bado. Kiatu cha mtu mwenye Parkinson huchaguliwa mwisho, baada ya kuukagua mguu ukiwa mtupu na kumtazama mwenyewe akitembea, dawa ikiwa imeshika na dawa ikiwa imeisha nguvu. Familia nyingi huanzia kwenye kiatu, na pesa inapotea.

Angalau nyinyi mnajua mnachopambana nacho. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanywa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008, ulionyesha kuwa wengi wa waliokutwa na Parkinson hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Lakini hata kwa waliokwisha kuanza dawa, miguu husahaulika. Mgonjwa anakaa kitini, anaonyesha mikono inayotetemeka, anaandikiwa vidonge, anaondoka na viatu vyake mguuni. Siku ya kliniki mwombeni daktari aitazame miguu viatu vikiwa vimevuliwa, na amwone Mzee akitembea kwenye korido na kugeuka. Hilo mna haki ya kuliomba.

Sasa vidole. Katika Parkinson ubongo unaishiwa dopamini, ambayo ndiyo huufanya mwendo uwe laini, na levodopa huja kuziba pengo hilo kwa saa chache. Dozi ya jioni ikishaliwa, usiku kucha hakuna nyingine. Ikifika saa kumi au kumi na moja alfajiri dawa imekwisha mwilini, na misuli ya mguu inajikaza yenyewe bila mtu kutaka. Wataalamu huita hali hiyo distonia. Kwa wengine vidole vinajikunja chini, kwa wengine kidole gumba kinainuka juu na kutoboa kiatu, na kwa wengine unyayo mzima unageukia ndani hadi mtu anakanyagia ukingo wa nje. Huwa upande mmoja zaidi, kwa kawaida ule ambao ugonjwa ulianzia. Niambie kama mkono wa kushoto wa Mzee ndio ulioanza kutetemeka au kukakamaa, sitashangaa.

Kwa kuwa Mzee ni mwalimu, mpeni daftari. Kwa wiki mbili aandike, au mjukuu amwandikie, saa aliyomeza dawa, saa aliyokula, saa vidole vilipojikunja, saa vilipoachia, na saa aliyojikwaa au kuganda, yaani miguu kugoma kuondoka. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maelezo yote mtakayompa kwa mdomo. Kama maumivu yako alfajiri tu, anaweza kusogeza dozi au kumwongezea dawa ya usiku inayokaa muda mrefu mwilini. Kama yanakuja katikati ya mchana, kabla ya dozi inayofuata, basi dozi zimeachana mno. Kuna wachache ambao vidole vyao hujikunja dawa ikiwa kileleni, na hao huhitaji mabadiliko ya upande mwingine kabisa, ndiyo maana sipendi mtu aongeze au apunguze kwa kukisia. Kwa wale ambao dawa imepangwa vizuri na mguu bado unakaza, ipo sindano ya botulinamu inayolegeza misuli husika, nayo huchomwa na daktari aliyefundishwa kazi hiyo.

Wakati mnasubiri kliniki, wekeni dozi ya kwanza na glasi ya maji kando ya kitanda, aimeze kabla hajashuka. Levodopa huingia vizuri tumbo likiwa tupu, kama nusu saa kabla ya chai, kwa sababu maziwa, nyama na maharage huichelewesha. Kwa kuwa Mzee huamka kwa ajili ya swala ya alfajiri, mwambieni daktari hivyo wazi, dozi ipangwe ianze kazi kabla hajatoka. Kumwambia asubiri jua lichomoze ni ushauri ambao hataufuata. Na Ramadhani ikikaribia nendeni mapema mkazungumze na daktari. Asiache dawa ghafla kwa hali yoyote, kwa sababu kuikata levodopa kwa mkupuo kunaweza kumletea homa kali na kukakamaa kwa mwili mzima, na hiyo ni hatari ya kufa.

Vidole vikiwa vimeshajikunja, usivivute kwa nguvu. Mzee akae, mguu uupakate. Mkono mmoja ushike kisigino, kiganja cha mkono wa pili kiingie chini ya vidole vyote, uviinue polepole hadi uhisi misuli ya unyayo inavutika, kisha tulia hapo kama nusu dakika. Achia, rudia mara tatu au nne. Kitambaa kilichochovywa maji ya vuguvugu kikiwekwa chini ya unyayo kabla ya hapo husaidia. Pima maji kwa kiwiko chako, maana mguu wenye ganzi hausemi ukiungua.

Nije kwenye raba. Mtu mwenye afya anapotembea, kisigino hutua kwanza, unyayo unafuata, vidole vinasukuma ardhi, na mguu unapita hewani bila kugusa chini. Kwa mwenye Parkinson hatua hufupika. Kisigino hakitangulii, unyayo wote hutua kwa pamoja au hata ncha ya mbele ndiyo inayotangulia, na mguu unaotoka nyuma unapita ukikwaruza sakafu. Mwili nao umeinama mbele. Sasa mvalishe mtu huyu soli nene ya mpira yenye meno. Mguu unapokwaruza, soli inang'ang'ania sakafu na kusimama palepale, huku mwili unaendelea na safari. Ndiyo maana wengi wao huanguka kifudifudi na kuumia magoti na viganja. Chukua raba hizo uzigeuze. Ukikuta zimechubuka kwenye ncha, chini ya vidole, na moja imechubuka kuliko mwenzake, utakuwa umeujua mguu unaoburuta zaidi. Mwonyeshe mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi.

Soli nene iliyo laini ina kosa jingine: inamficha ardhi. Unyayo ndio unaoupa ubongo habari za mahali mwili uliposimama, na ubongo wa Mzee unazihitaji habari hizo kuliko wangu na wako. Kwa hiyo tafuta soli nyembamba kiasi, ngumu kiasi, isiyobonyea ukiikandamiza kwa kidole gumba. Kuhusu kushika, mnatakiwa katikati. Soli ya ngozi iliyong'aa itamtelezesha kwenye vigae, soli ya meno itamkwamisha kwenye saruji. Njia rahisi ya kujua ni kukiweka kiatu kwenye sakafu ileile anayoitembelea, ukikandamize kwa kiganja na kukisukuma mbele. Kinapaswa kwenda kwa upinzani kidogo bila kuteleza kama sabuni na bila kugoma na kurukaruka.

Kisigino kiwe kipana na kifupi, kisizidi sentimita 2.5. Mkiona mtu anakimbizwa na hatua zake mwenyewe kwenda mbele, kisigino kirefu kitamsukuma zaidi. Lakini wapo pia wanaoanguka kinyumenyume, hata wakiwa wamesimama tu kuchukua kitu kabatini, na hao hali yao ni tofauti. Kabla ya kuongeza au kupunguza kisigino kwa fundi, Mzee aonwe kwanza na mtu wa fiziotherapia.

Kandambili zinanisikitisha kuliko raba. Najua ndiyo viatu vya nyumba zetu zote kuanzia Kondoa hadi Kongwa, na Mzee amezirudia kwa sababu ni nyepesi na haziing'ang'anii sakafu. Katika hilo mguu wake umemwambia kweli. Lakini kandambili haina cha kushika kisigino, hivyo vidole vinalazimika kuibana ili isidondoke, na hivyo ndivyo vidole tunavyotaka vijifunze kunyooka. Ikichomoka nusu, anaikanyaga mwenyewe. Yeboyebo ni nyepesi na zinaoshwa, ila nyingi ni pana mno, na ndani yake mguu unatota jasho. Moka, ambazo walimu wetu wanazipenda, huvaliwa kirahisi na kutoka kirahisi vilevile, pale mtu anapoburuta. Katambuga zina afadhali ya mkanda wa nyuma, lakini ni nzito, mbele ziko wazi kwa mbigili, na baada ya muda misumari iliyoshikilia mikanda huchomoza ndani. Mguu wenye ganzi unaweza kukanyaga msumari huo siku nzima mwenye mguu asijue.

Kinachofaa ni kiatu chepesi kilichofungwa mbele, chenye nyuma ngumu inayokumbatia kisigino, chenye nafasi ya juu ya kutosha vidole vilivyojikunja visisuguane na ngozi ya kiatu, na kinachofungwa juu ya unyayo kwa mkanda wa kunata, ule unaolia ukiubandua. Vidole vinavyotetemeka haviwezi kamba. Kwa joto la huku, sendozi za ngozi zilizofunikwa vidoleni na zenye mkanda wa nyuma zinafaa kwa mchana wa nyumbani. Mwezi wa sita na wa saba, baridi na upepo vikianza, kiatu kamili chenye soksi za pamba ni bora. Soksi peke yake sakafuni asivae kabisa.

Namna ya kununua bila kumburuza Mzee sokoni ni hii. Jioni, wakati miguu imeshavimba kadiri inavyovimba kwa siku, na dawa ikiwa imeshika, mjukuu aweke karatasi ngumu sakafuni. Mzee asimame juu yake akiwa ameshika kiti, na mjukuu apitishe kalamu kuzunguka kila mguu, kalamu ikiwa wima. Nasema mjukuu kwa makusudi. Mzee aliyesimama mbele ya darasa maisha yake yote anaweza kuona haya kuvuliwa viatu na binti yake, lakini na mjukuu kuna utani, na kazi itakwisha kwa kicheko. Kateni karatasi hizo, mkiongeza kama sentimita moja mbele ya kidole kilicho kirefu kuliko vyote. Si lazima kiwe kidole gumba. Miguu miwili mara chache hulingana, nunueni kwa kufuata mkubwa.

Ukifika dukani au kwenye mitumba, ingiza karatasi ndani ya kiatu. Ikikunjamana pembeni, kiatu ni chembamba, kiache hata kama namba ni yake. Bonyeza nyuma ya kisigino kwa dole gumba: ikilala, kiache. Kikunje: kinapaswa kukunjika pale vidole vinapoanzia, si katikati ya unyayo. Kwa mtumba kuna kipimo kimoja cha ziada. Kiweke juu ya meza na ukitazame kwa nyuma, macho yako yakiwa usawa wa meza. Aliyekivaa kabla yenu ameacha mwendo wake ndani yake, na kikiwa kimelalia upande mmoja, kitamlaza Mzee upande huohuo. Mtumba wa ngozi uliosimama wima ni bora mara kumi kuliko kiatu kipya cha plastiki.

Fundi viatu ni mtu muhimu kwenu. Anaweza kutoa kamba na kushona mikanda ya kunata, kuongeza mkanda wa nyuma kwenye sendozi, na kuondoa mshono wa ndani unaochubua. Anaweza pia, kwa ushauri wa mtaalamu wa fiziotherapia, kuchonga kidogo ukingo wa mbele wa soli uinuke, au kubandika kipande chembamba cha ngozi laini chini ya ncha, ili mguu unaoburuta upite bila kukwama. Nimeona badiliko hilo dogo likimrudishia mtu ujasiri wa kwenda hadi kwa jirani. Lakini lifanywe kwa viatu vyote viwili, na lijaribiwe nyumbani mtu akiwa karibu.

Kiatu kipya avae nusu saa tu siku ya kwanza, ndani ya nyumba. Akivua, tazameni ngozi. Wekundu ambao haujapotea baada ya nusu saa nyingine ni alama kwamba hapo panabanwa. Kwa ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo gusa kwa mgongo wa mkono. Penye joto au ugumu kuliko pembeni ndipo penyewe.

Kuvaa nako kuna kuanguka kwake. Watu wenye Parkinson wengi wana shinikizo la damu linaloshuka ghafla wanapoinama na kuinuka, na dawa zenyewe huchangia. Mzee asiiname kuvaa kiatu, wala asivae akiwa amesimama mguu mmoja. Akae kwenye kiti chenye mikono, mguu aupandishe juu ya kigoda, na atumie kijiko kirefu cha kuvalia viatu. Kama hakipo, kipande cha bomba la plastiki la urefu wa mkono, kikipasuliwa kwa urefu na kingo zikasuguliwa msasa, kinafanya kazi hiyohiyo. Akishavaa atulie dakika moja ndipo asimame. Na mtu asimharakishe. Haraka ndiyo inayoigandisha miguu.

Sasa mguu wenyewe. Kila jioni ukaguliwe penye mwanga: juu, chini, na katikati ya kila kidole. Kwa mtu anayejikunja vidole utakuta sugu kwenye ncha za vidole na juu ya vifundo vyake. Hizo hazikatwi kwa wembe. Nalisema kwa mkazo kwa sababu wembe wa fundi wa kucha wa mtaani ndiyo chanzo cha vidonda vingi ninavyoviona. Loweka mguu dakika kumi, sugua taratibu kwa jiwe la kusugulia, na dawa ya kweli ya sugu ni kuondoa kinachosugua. Magaga ya kisigino, ambayo kwa vumbi na ukavu wetu wa kiangazi karibu kila mzee anayo, yapakwe mafuta mazito ya mgando usiku, kisha soksi akiwa kitandani tayari, na asubuhi yafutwe kabla hajakanyaga sakafu. Mafuta yasiingie katikati ya vidole.

Kucha zikatwe baada ya kuoga, zikiwa laini, kwa mstari ulionyooka bila kuchimba pembeni, na mtu mwingine ndiye azikate. Mikono inayotetemeka na mgongo uliokakamaa haviwezi kazi hiyo. Ukucha mrefu unasukumwa nyuma na kiatu kila hatua, na ninashuku wazee wengi wanaosemekana "hawataki kutembea" kucha zinawauma tu.

Ugonjwa huu huwafanya wengine watoke jasho jingi, na mguu unaotota kwenye kiatu huleta fangasi. Baada ya udhu, katikati ya vidole pafutwe hadi pakauke, kila mara; mwekeeni taulo dogo mfukoni. Funza nao wapo kwenye vumbi la nyumba zisizosakafiwa, na mzee anayekaa sehemu moja siku nzima huwapata kirahisi. Watolewe na mhudumu wa afya kwa kifaa safi, si kwa mwiba. Mzee akilalamika ganzi au kuungua nyayoni, msiseme ni uzee. Ganzi inaweza kuwa kisukari, na pia watu wanaotumia levodopa kwa muda mrefu wengine hupungukiwa vitamini B12. Vyote hupimwa kwa damu. Miguu yote miwili kuvimba jioni inaweza kutokana na kukaa sana au na baadhi ya dawa za Parkinson kama amantadini na pramipeksoli, mwambieni daktari. Mguu mmoja kuvimba ghafla na kuuma kwenye shavu la mguu ni jambo la kwenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu huenda damu imeganda ndani.

Umesema alianguka mlangoni. Sishangai, kwa sababu mlangoni, kwenye kona na penye msongamano ndipo miguu ya watu hawa inapoganda: mtu anataka kwenda, mwili wa juu unakwenda, nyayo zimegoma. Kiatu kizuri hakiondoi hilo peke yake. Akiganda asivutwe mkono, mtamwangusha. Mwambieni asimame wima, ahamishe uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine mara mbili tatu, kisha apige hatua moja ndefu, kisigino kwanza, akihesabu kwa sauti. Ubongo ulioshindwa kuanzisha hatua wenyewe mara nyingi huweza ukipewa alama ya kuifuata. Na hapa ualimu wake utamsaidia: achukue chaki, mchore mistari ya kukatisha kwenye sakafu, kuanzia kabla ya mlango hadi ndani, kila mmoja mbali na mwenzake kwa urefu wa hatua nzuri, naye akanyage kuvuka mstari mmoja baada ya mwingine. Ikimsaidia, ipakeni rangi. Kizingiti kilichoinuka kisawazishwe, na mkeka wenye ncha iliyokunjamana uondolewe njiani.

Akigeuka, asijizungushe papo hapo. Azunguke kwa upana. Na kuna jambo la heshima linalomhatarisha. Mwalimu wa zamani hapiti mtaani bila kusalimiwa, na yeye huitikia marahaba huku akitembea. Kutembea na kuzungumza kwa wakati mmoja ni kazi mbili kwa ubongo uliochoka. Asimame kwanza, aitikie, amalize habari za watoto, ndipo aanze tena hatua. Waambieni vijana wake wa mtaani, wataelewa.

Msikitini, afike mapema kabla mlango haujajaa watu. Kwenye baraza awekewe kiti cha kuvulia viatu, udhu autie akiwa amekaa, na nyayo zikauke kabla hajakanyaga sakafu laini. Ndani atakuwa peku, na zulia huvuta vidole vinavyoburuta, kwa hiyo ainue miguu kwa makusudi na mtu awe ubavuni mwake, si mbele yake. Habari ya kuswali akiwa amekaa kitini mwulizeni imamu wenu. Msimwache aione ni aibu. Bafuni kwenu pia, badala ya kandambili, awe na sendozi za plastiki zenye mkanda wa nyuma, sakafu iwe ya saruji iliyokwaruzwa, na ukutani pawe na bomba la kushika karibu na choo. Kuchuchumaa kwenye shimo kutamshinda siku moja, andaeni kiti cha choo kabla ya siku hiyo.

Kwa fiziotherapia, anzeni na hospitali yenu ya Kondoa, na mkihitaji zaidi kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Dodoma mjini, ambayo watu wengi bado wanaiita General, na Hospitali ya Benjamin Mkapa. Endapo unyayo umeshapinda na kiatu cha kawaida hakiingii, ombeni rufaa kwa wataalamu wa viungo bandia na vifaa saidizi, wale wanaofundishwa TATCOT, chuo kilichopo kwenye hospitali ya KCMC, Moshi. Wao wanaweza kutengeneza kiatu au soli ya ndani inayofuata mguu wake. Safari ya basi ni ya kukaa saa nyingi, kwa hiyo alegeze mikanda ya viatu njiani, achezeshe vifundo vya miguu, na dawa zake ziwe mfukoni mwenu, si kwenye buti la gari. Popote mtakapotibiwa, hata kwa kutapika tu, mwambieni mhudumu kwamba Mzee ana Parkinson kabla hajaandikiwa dawa, kwa sababu metoklopramidi, dawa ya kawaida ya kuzuia kutapika, huzidisha kukakamaa na kuburuta miguu.

Kidonda chochote mguuni ambacho hakijaanza kukauka ndani ya siku chache, chenye harufu, au kilichozungukwa na joto na uvimbe, kipelekeni hospitali bila kusubiri siku ya kliniki. Vivyo hivyo akianguka na kugonga kichwa, au akishindwa kukanyagia mguu. Mkishapata daftari la wiki mbili, niandikie tena unieleze vidole vinajikunja saa ngapi na mguu upi ndio unaochubua soli.